Kosa Linalozaliwa na Sahihisho

Mwandishi anapoleta mswada katika kampuni ndogo ya uchapishaji, huwa na hofu ya makosa aliyoyaacha nyuma. Mimi hofu yangu iko mbele. Miaka niliyokaa nikisahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na kufuatilia vitabu mpaka vinapotoka kwenye mashine imenionyesha kwamba makosa ya mwandishi si ya kuogopwa sana: ni mengi, yako wazi, na mtu akiwa na subira huyapata. Yanayonikosesha usingizi ni yale yanayoingia kitabu kikiwa karibu kukamilika, kwa mkono wa mtu mwenye nia njema aliyekuwa akirekebisha kitu kingine.

Katika kampuni kubwa kazi hugawanywa. Mhariri mmoja hushughulikia hoja na mtiririko, mwingine lugha, na msahihishaji hupokea kurasa zilizokwisha kupangwa hali hajawahi kuuona mswada. Kwetu sisi tulio wachache, aliyehariri sura ya tatu ndiye atakayeletewa prufu ya sura ya tatu. Hapo pana mtego. Ukishausoma mswada mara kadhaa, jicho linaacha kusoma karatasi na kuanza kusoma kumbukumbu. Unaona "alikuwa" palipoandikwa "alikwa", maana unajua fika mwandishi alikusudia nini.

Dawa yake ni kuufanya ukurasa uwe mgeni tena. Nasomea kwenye karatasi, kamwe si kwenye kioo cha kompyuta peke yake. Mpangaji kurasa naye hunisaidia bila kujua, kwa kuwa fonti yake ni nyingine na mistari yake ni mifupi kuliko ile niliyoihariri. Naweka rula chini ya mstari ili mstari unaofuata usinivute. Sura nazisoma nikianzia ya mwisho, kwa sababu kila mtu hufungua ukurasa wa kwanza akiwa na nguvu na kuufikia wa mwisho akiwa hoi. Kitabu kikisomwa hivyo kila mzunguko, nusu yake ya pili hutoka chafu kuliko ya kwanza. Kitabu kikiwa na tarakimu nyingi, au kikiwa cha mashairi, tunasoma wawili: mmoja kashika mswada uliohaririwa anasoma kwa sauti, pamoja na nukta, mikato na herufi kubwa, mwenzake anafuata kwenye prufu kwa kalamu. Ni njia ya kale, inakausha koo, na vijana wanaokuja kujifunza kwetu huicheka siku ya kwanza. Lakini sauti hukulazimisha kupita juu ya kila silabi, na katika lugha yetu silabi moja inaweza kubeba jambo zima.

Wachapaji wa kifalme jijini London, Robert Barker na Martin Lucas, waliijua hatari ya neno dogo mwaka 1631, walipotoa Biblia ambayo katika amri ya saba neno la kukanusha lilidondoka, waumini wakaamriwa wazini. Walitozwa faini ya pauni 300. Kwao lilidondoka neno zima. Kwetu ukanushi mara nyingi umefichwa ndani ya kitenzi, na herufi mbili zinatosha: "usimpe mtoto dawa hii" ikipoteza "si" inabaki "umpe mtoto dawa hii", sentensi safi kisarufi ambayo hakuna programu itakayoipigia mstari mwekundu. Kwa hiyo vitabu vya afya na vya sheria huwa navipa usomaji mmoja wa ziada ambao sitafuti chochote isipokuwa vitenzi vya kukanusha na namba za vipimo. Sijali hata kama tahajia imekosewa katika mzunguko huo. Anayetafuta kila kitu kwa mpigo mmoja hupata yale yaliyo rahisi.

Kuhusu programu za kukagua tahajia sina mengi. Zinasaidia kunasa herufi zilizorudiwa na nafasi mbili kati ya maneno. Hazisaidii pale "karamu" inapoandikwa kwa maana ya "kalamu", "samani" kwa "thamani", au "mahari" kwa "mahali", kwa kuwa yote ni maneno halali. Na ukizidi kuzitegemea, nazo zinakuzoesha uvivu.

Sasa nirudi kwenye lile la makosa yanayozaliwa njiani. Mwandishi mmoja wa riwaya aliamua, prufu ya pili ikiwa mezani, kwamba mhusika wake ni maskini mno kumiliki gari. Afadhali apande pikipiki. Kwa riwaya ile ulikuwa uamuzi mzuri. Mpangaji kurasa akatumia amri ya kutafuta na kubadilisha, kazi ya dakika moja. Prufu ya tatu ilipokuja tukakuta "pikipiki lake lilizimika", "wakalisukuma pikipiki", na mhusika anafunga mlango wa pikipiki kwa hasira. "Magari" yamekuwa "mapikipiki". Na kwa kuwa kompyuta haijui neno linapoanzia, mwanafunzi aliyetajwa sura ya tano kuwa alikwenda kusoma Bulgaria akawa amekwenda Bulpikipikia.

Tulicheka, tena sana. Bulpikipikia haikuwa na madhara, kila mtu angeiona. Kilichokuwa hatari ni ule upatanisho wa ngeli uliotawanyika kurasa nyingi mbele, mahali ambapo neno lenyewe halipo tena bali kiwakilishi chake tu: "akaliacha pale njiani", "alilinunua kwa mkopo". Hapo hakuna cha kutafuta kwa kompyuta. Ilibidi sura zote alizotokea mhusika yule zisomwe upya, mstari kwa mstari. Tangu wakati huo, nomino ikibadilishwa kwenye prufu, sikubali liitwe sahihisho dogo. Kwa Kiswahili, kubadilisha nomino ni kubadilisha kila kitu kinachoitegemea, vivumishi, vitenzi na viwakilishi, na vingine viko mbali sana na macho.

Ndiyo maana napenda ile desturi ya zamani ya kalamu mbili. Wekundu ni kwa makosa yaliyofanywa na mpangaji kurasa, buluu kwa mabadiliko ya mwandishi au mhariri. Wengi wanajua faida yake ya kihasibu: inaonyesha nani alipie muda wa ziada. Kwangu mimi faida kubwa ni kwamba ukurasa uliojaa buluu unaniambia mahali pa kusoma tena. Pale palipoguswa ndipo patakapokuwa na kosa jipya. Nikipokea prufu iliyorekebishwa siangalii tu kama sahihisho limefanyika. Nasoma aya yote iliyolizunguka, kisha mstari wa mwisho wa ukurasa ule na wa kwanza wa unaofuata.

Sababu ni hii. Maneno yaliyopangwa yanasukumana. Ukiongeza neno moja, mstari unajaa, unasukuma wa chini yake, aya inapata mstari mpya, na chini ya ukurasa sentensi inahamia upande wa pili. Mstari mmoja wa aya unabaki peke yake juu ya ukurasa, yatima. Kichwa kidogo kinaachwa chini kabisa bila maelezo yake. Faharasa iliyosema ukurasa wa 87 sasa inadanganya, na yaliyomo nayo vilevile. Ndiyo maana tukilazimika kuongeza maneno katika hatua hiyo, namwomba mwandishi apunguze idadi ileile ndani ya aya ileile, ili isimame pale iliposimama. Wengine hukasirika kuambiwa hivyo. Nawaonyesha tu yaliyomo na faharasa, wanatulia.

Kuna makosa mengine yanayotokana na kompyuta kudhani tunaandika Kiingereza. Ikiruhusiwa kukata maneno mwishoni mwa mistari kwa kanuni za lugha hiyo, itatoa "nyum-ba", "kam-ba", "shin-da". Silabi zetu haziishii hivyo. Ni nyu-mba, ka-mba, shi-nda. Na ng' haikatwi kamwe. Ritifaa nayo ina visa vyake: katikati ya neno, kama kwenye ng'ombe, programu huipinda vizuri, lakini washairi wanaodondosha silabi ya kwanza ili mizani itimie huweka ritifaa mwanzoni mwa neno, na hapo programu hudhani ni alama ya kufungua usemi na kuipindua. Diwani nzima inaweza kutoka na alama zilizogeuka kichwa chini. Suluhisho ni kuzima ukataji wa maneno wa moja kwa moja, kisha kukata kwa mkono pale tu mstari unapoachwa na mapengo makubwa. Linachukua muda. Kitabu chenye mistari iliyokatwa ovyo, hata hivyo, humchosha msomaji bila yeye kujua kimemchosha nini.

Jambo moja lililonichukua muda kuliamini: herufi zikiwa kubwa, kosa linajificha vizuri zaidi. Watu husoma aya kwa makini na kuutazama ukurasa wa jina kama picha. Majina ya sura, vichwa vinavyojirudia juu ya kurasa, maelezo ya picha, mgongo wa kitabu, maandishi ya nyuma ya jalada, hayo ndiyo yasiyosomwa na mtu. Katika kampuni ndogo hatari inaongezeka, kwa kuwa mpangaji kurasa huchukua faili la kitabu kilichopita na kumwaga humo maneno ya kitabu kipya. Vichwa vya kurasa vya kitabu cha zamani hubaki sura moja au mbili, na ukurasa wa haki miliki unabaki na mwaka wa juzi au ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ya kitabu kingine.

ISBN ina tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Kabla ya hapo zilikuwa 10. Katika hizo 13, ya mwisho ni ya ukaguzi: unazidisha tarakimu kwa 1 na kwa 3 kwa kupokezana, unajumlisha, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Nilipojifunza hesabu hiyo nilifurahi kama mtoto. Kisha nikagundua mpaka wake: mara nyingi inakwambia kama namba imekosewa, haikwambii kama ni ya kitabu hiki. Kwa hiyo naihesabu, halafu bado naichukua barua iliyoleta namba na kuilinganisha kwa kidole.

Nilipoanza kazi nilidhani msahihishaji hana haja ya kujua mambo ya mashine. Fundi wetu wa mashine ndiye aliyenitoa katika dhana hiyo. Siku moja nilimlalamikia kuhusu ukurasa fulani, akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, mimi nachapa kilichoko kwenye pleti. Kilichoko kichwani mwako sikioni." Pleti ni lile bamba lenye sura za kurasa ambalo mashine huchapia. Tangu hapo nikaanza kukaa naye, na kazi yangu ya mezani ikabadilika.

Kwanza nilielewa kwamba kitabu hakijengwi kwa kurasa mojamoja. Karatasi kubwa huchapwa pande mbili, hukunjwa, na kutoa mkunjo wa kurasa 16, au 8, au 32. Riwaya ya kurasa 192 ni mikunjo 12 kamili ya 16. Mwandishi akiongeza shukrani za kurasa mbili siku ya mwisho, unakuwa na kurasa 194, na hizo mbili hazina pa kukaa. Ama utengeneze mkunjo mwingine wenye kurasa tupu nyuma, ama ubandike karatasi moja pembeni, ambayo ndiyo itakayochomoka kwanza. Nimekwisha kuziokoa shukrani nyingi kwa kuzihamishia kwenye ukurasa mtupu ulio nyuma ya tabaruku. Hilo ni jambo ambalo mhariri asiyekaa na fundi hawezi kuliwaza.

Pia nilielewa kwa nini fundi hununa ukimletea sahihisho baada ya pleti kutengenezwa. Kwenye ofseti, yaani uchapaji wa kutumia pleti, pleti moja ya mkunjo wa kurasa 16 hubeba kurasa nane za upande mmoja wa karatasi. Kurekebisha mkato mmoja ni kutupa pleti nzima na kutengeneza nyingine, na kurasa saba zilizokuwa salama zinapita tena mikononi mwa watu. Hapo huwa najiuliza kwa ukali: kosa hili linampotosha msomaji au linaniudhi mimi tu? Kama ni la pili, linabaki. Baadhi ya wenzangu hawakubaliani na msimamo huu, wanasema kosa ni kosa. Mimi nimeona pleti mpya zikija na kurasa zilizopangwa kutoka faili la zamani, na kwa sababu ya mkato mmoja, masahihisho yote yaliyokwisha kufanyika katika kurasa saba yakafutika.

Mgongo wa kitabu ni somo lake peke yake. Upana wake ni idadi ya karatasi mara unene wa karatasi moja. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo kurasa 400, yaani karatasi 200, zinatoa mgongo wa karibu milimita 20. Msanii huchora jalada kwa kipimo hicho. Kisha karatasi ile inakosekana, mtu wa manunuzi analeta ya gramu 70, anafurahi kwamba ameokoa gharama, na hamwambii mtu yeyote. Mgongo unapungua kwa karibu milimita mbili, jina la kitabu linahama katikati na rangi ya mgongo inamwagikia upande wa mbele. Hakuna aliyekosea neno hata moja, na bado kila nakala inaonekana kama imevaa shati la mtu mwingine. Tena gramu ni uzito, si unene. Karatasi mbili za gramu 80 kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana. Siku hizi jalada halifungwi mpaka karatasi yenyewe iwe ghalani na fundi awe ameipima. Wakati huohuo anaangalia mwelekeo wa nyuzi zake, ambazo zinapaswa kwenda sambamba na mgongo. Zikikaa kinyume, kitabu kinakuwa kigumu kufunguka na kurasa hujikunja mawimbi karibu na gundi.

Rangi nyeusi nayo ilinishangaza. Nyeusi ya kwenye kioo cha kompyuta si nyeusi ya mashine. Maandishi yaliyotoka katika programu ya kawaida ya kuandikia yakigeuzwa vibaya hugawanyika katika wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na pleti nne zikipishana kidogo tu, kila herufi inapata kivuli cha rangi na msomaji anadhani macho yake yameharibika. Mara zote nilizoliona tatizo hili, lilikuwa kwenye aya iliyoongezwa mwishoni: mtu kanakili maneno kutoka barua pepe, kayabandika kwenye kurasa zilizokuwa sawa. Kwenye prufu ya karatasi iliyotoka kwa printa ya ofisini huwezi kuliona. Inabidi ufungue PDF na kutazama kila wino peke yake.

Baada ya visa hivyo tukakubaliana kutoingia ofseti bila nakala moja kamili ya dijitali, yenye jalada, iliyokatwa na kubandikwa gundi. Chapa ya dijitali haina pleti, kwa hiyo nakala moja inawezekana. Naichukua nyumbani na kuisoma kama msomaji aliyeinunua, bila kalamu. Ajabu ni kwamba kitabu kikiwa kimefungwa, makosa ambayo hayakuonekana katika mizunguko yote iliyotangulia yanajitokeza yenyewe. Pambizo ya ndani ni finyu na maneno yanazama kwenye mgongo. Picha iliyotakiwa kufika ukingoni haikuongezewa zile milimita tatu za kukatwa, sasa ina uzi mweupe pembeni. Sura mbili zina jina moja. Kuchapa nakala nyingi kwa bei nafuu kwa kila moja ni kishawishi kinachowaangusha wachapishaji wadogo wengi. Mimi huwa upande wa wanaosema tuanze na chache, maana maboksi yaliyojaa kosa hayauziki kwa urahisi na hayasahihishiki kabisa, isipokuwa kwa kile kikaratasi cha masahihisho kinachodondoka dukani kabla mteja hajakiona.

Kwenye ujalidi, yaani kufunga vitabu, nina kituo kimoja tu. Mikunjo ikishakunjwa, kila mmoja huwa na alama nyeusi mgongoni, na kila alama iko chini kidogo ya ile ya mkunjo uliotangulia. Ikikusanywa sawasawa, alama hizo huonekana kama ngazi inayoshuka bila kukatika. Daraja likiruka, mkunjo umekosekana. Likijirudia, umewekwa mara mbili. Huhitaji kusoma neno lolote. Napita kati ya marundo nikitazama migongo kabla gundi haijapita, na baada ya vitabu kukatwa nafungua vichache kutoka kila boksi.

Halafu simu zinaanza. Msomaji makini ameona kosa ukurasa fulani, mwalimu mmoja amekuta mengine, mwandishi mwenyewe ameona la kwake na anataka tuchape upya kesho. Nawashukuru wote. Kabatini pana nakala moja ya kila kitabu tulichotoa, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba isiuzwe wala kuazimwa, na humo natia alama kila kosa linaloletwa, ukurasa na mstari, kwa penseli. Uchapaji wa pili ukiamuliwa, nakala hiyo ndiyo anayokabidhiwa mpangaji kurasa, pamoja na faili lenye tarehe ya siku pleti za kwanza zilipotengenezwa, na anaombwa aguse mistari yenye alama tu. Mwandishi anapouliza kama anaweza "kuweka sawa vitu vidogovidogo wakati huohuo", jibu langu ni kwamba vitu hivyo vitapata prufu yao, usomaji wao na muda wao, au vitangoja toleo jingine.